Je, Wajua? Mapunye Hayasubiri Bwawani

Je, wajua kwamba maji ya bwawa lililotiwa dawa vizuri si mshukiwa wa kwanza mtoto anapotokewa na mapunye? Kila shule zikifungwa wazazi huuliza lilelile: tumpeleke akaogelee, au atatuletea choa nyumbani? Fangasi wa choa na mapunye hawahitaji maji ili wasafiri. Wanahitaji kipande cha unywele au gamba la ngozi litoke kwa huyu litue kwa yule. Bwawani vipande hivyo hupotelea katika maelfu ya lita za maji yenye klorini. Shughuli iko ukishatoka majini.

Sakafu, kwa mfano. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Uingereza, Mary English na Mary Gibson, walichunguza sakafu za mabwawa ya kuogelea na kuwakuta ndugu zao, fangasi wa miguuni, palepale waogeleaji wanapokanyaga peku. Mwaka 1973 wenzao, Gentles na Evans, walikagua miguu ya waogeleaji wenyewe: miongoni mwa wanaume wa miaka 16 na zaidi, asilimia 21.5 walikuwa na fangasi wa miguuni. Watoto waliokuwa nao walikuwa wachache zaidi. Kwa hiyo ukitafuta wa kumlaumu pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwangalie kwanza baba mwenye vidole vilivyochubuka katikati. Mtoto avae kandambili mpaka ukingoni mwa maji, na akitoka ajifute vizuri katikati ya vidole. Hapo ndipo watu wengi huacha unyevu.

Je, wajua kwamba kofia ya kukodi ina hatari zaidi kuliko bwawa lenyewe? Kwenye mabwawa mengi ya umma huku kwetu, mlangoni pana meza ya vitu vya kukodisha: kaptula, maboya, kofia za kuogelea. Kofia inavuliwa kwenye kichwa kimoja, inasuuzwa harakaharaka, inavikwa kingine. Kama unakodi boya, kodi. Kofia nunua ya mtoto wako, na taulo lake litoke nyumbani. Taulo moja kwa watoto watano ni kubana matumizi kunakoishia duka la dawa.

Na ile harufu kali ya bwawa watu wanayoisifu kwamba "dawa imekolea"? Mara nyingi ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa safi halinuki sana. Hofu yenye msingi juu ya maji ya bwawa ni ya tumbo: kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha, na husababisha kuhara vibaya. Mtoto anayeharisha ndiye wa kumzuia asiingie majini, kabla hata ya huyo mwenye duara la choa mkononi.

Je, wajua kwa nini choa huwa duara? Fangasi huanzia sehemu moja wakila keratini, ile protini ya ngozi, nywele na kucha, kisha husambaa pande zote kwa kasi inayokaribiana, kama moto wa nyika. Katikati pameshaungua na panaanza kupona; ukingoni ndiko wanakofanya kazi. Ndiyo maana mhudumu wa maabara hukwangua magamba ya ukingoni. Na ndiyo maana krimu hupakwa mpaka nje kidogo ya duara, kwenye ngozi inayoonekana nzima.

Mtoto akiambukizwa leo, alama ya mwilini huchukua kati ya siku 4 na 14 kutokea. Ukimwona na duara siku moja baada ya kutoka kuogelea, aliambukizwa kwingine.

Je, wajua kwamba mapunye ni ugonjwa wa utotoni kwa sababu ya mafuta? Mtu akibalehe, tezi za kichwani huanza kutoa mafuta yenye asidi zinazowadhoofisha fangasi hawa. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 bado hakina kinga hiyo. Hata hivyo mtu mzima asitambe: anaweza kubeba mbegu za fangasi nyweleni bila kipara, bila muwasho, bila chochote. Akitibiwa mtoto mmoja na wenzake wa chumba kimoja wasikaguliwe, mapunye yatarudi mwezi ujao, na aliyeandika dawa atalaumiwa bure.

Kuna fangasi wanaotoka kwa watu, wanaotoka kwa wanyama na wanaotoka ardhini. Afrika Mashariki anayetawala vichwani ni Trichophyton violaceum, ambaye makazi yake ni binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoto wa shule za msingi Kibera, Nairobi, ulimkuta yeye ndiye wa kawaida zaidi, na kiasi cha asilimia 11 ya watoto walikuwa na maambukizi ya kundi hili la fangasi. Chanzo kikuu cha mapunye, basi, ni watoto wenzake: wanaolala mto mmoja, wanaobadilishana barakashia madrasa, wanaochana kwa chanuo moja.

Paka naye yumo. Hubeba Microsporum canis, na paka mkubwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku manyoya yake yamejaa mbegu. Mbegu hizo zikidondoka kwenye zulia au kochi huweza kubaki hai hadi miezi 18. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua sura nyingine: ndama mwenye magamba mazito ya kijivu kuzunguka macho. Huyo ana Trichophyton verrucosum, na mtoto anayemshika kila asubuhi wakati wa kukamua anaweza kuambukizwa choa, tena kwa ukali.

Sasa twende saluni, maana hapo ndipo pazito. Jumamosi ya kabla ya shule kufunguliwa, benchi limejaa wavulana na kinyozi hana nafasi ya kumeza mate. Mashine inatoka kwenye kichwa kimoja, inafutwa kwa pamba yenye spiriti, au inatumbukizwa dakika moja kwenye kile kisanduku chenye taa ya buluu, kisha inaingia kichwa kingine. Itazame mashine yenyewe kwa karibu: chini ya meno yake kuna vumbi la nywele lililokandamizwa pamoja na mafuta. Mwanga wa kisanduku hauwezi kupenya vumbi hilo, na spiriti huishia juujuu. Inatakiwa meno yafunguliwe, nywele zote zipigwe brashi zitoke, ndipo yalowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Hiyo si kazi ya sekunde 30. Brashi ya kupangusia shingo nayo isisahaulike, ile inayopita kwa kila mteja tangu asubuhi. Wapo wateja wanaokuja na mashine zao mfukoni, na kinyozi mwelewa hachukii.

Tatizo hili si la kwetu tu. Hispania, kuanzia mwaka 2021, madaktari wa ngozi waliona vijana wengi wakija na Trichophyton tonsurans kisogoni na shingoni, palepale mashine inapopita mara kwa mara ili mtindo wa fedi ubaki mkali.

Mabinti nao wana msusi. Mistari iliyobana huficha kipara kidogo kwa wiki kadhaa, na chanuo la msusi halibagui. Ukifumua, tazama kichwa kabla ya kusuka tena: mba usioisha, nywele zilizokatika usawa wa ngozi na kuacha vidoa vyeusi, tezi zilizovimba nyuma ya shingo.

Je, wajua kwamba krimu peke yake haitibu mapunye? Choa cha mwilini, ndiyo: clotrimazole kwa wiki 2 hadi 4 hutosha mara nyingi, na hata ile Whitfield ya zamani, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, bado inafanya kazi. Lakini kichwani fangasi wamo ndani ya unywele na kwenye shina lake, ambako krimu haifiki. Hapo inatakiwa dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, kwa maelekezo ya daktari. Griseofulvin huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na hunyonywa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, parachichi. Wazazi wengi huacha wiki ya pili, nywele zikianza kuota. Shampuu ya ketoconazole husaidia kupunguza mbegu zisisambae, haimalizi ugonjwa.

Griseofulvin ina historia ya ajabu. Iligunduliwa mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu wa jamii ya Penicillium, ikabaki karibu miaka 20 bila mtu kuifikiria kwa ngozi ya binadamu. Waliojishughulisha nayo zaidi walikuwa watu wa magonjwa ya mimea. Mwaka 1958 Gentles, yuleyule wa miguu ya waogeleaji, alionyesha kwamba simbilisi wakilishwa dawa hiyo, choa chao hupona.

Na kabla ya hapo? Mionzi. Raymond Sabouraud wa Paris, ambaye jina lake bado limo kwenye chakula cha kuoteshea fangasi maabara, alisawazisha mwaka 1904 njia ya kunyonyoa nywele za watoto kwa eksirei ili fangasi wakose pa kukaa. Nywele zilidondoka kweli, mapunye yakapona. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Israeli, hasa miaka ya 1950, ilitumiwa kwa maelfu ya watoto wa wahamiaji, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake wakaripoti kwamba watoto hao walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo zaidi ya wenzao wasiopigwa mionzi. Sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa mwaka 1994. Mapunye yenyewe hayaui mtu.

Siku hizi vichwa huchunguzwa kwa taa ya Wood, ambayo baadhi ya fangasi hung'aa kijani chini yake. Huyu wetu, violaceum, hang'ai. Mtoto akipita chini ya taa bila kung'aa, msishangilie.

Je, wajua kwamba uvimbe mlaini wenye usaha kichwani usipasuliwe kabla ya mapunye kufikiriwa? Huitwa kerioni. Unafanana na jipu, unauma, na wengi hukimbilia wembe. Lakini huo ni mwili wenyewe unaopambana na fangasi. Kuupasua hakusaidii, na kuchelewesha dawa ya kumeza huweza kuacha kovu lisiloota nywele maisha yote.

Maji ya betri ni tindikali ya salfa. Bado kuna watu wanaowapaka watoto wenye mapunye. Anayefanya hivyo anauguza kidonda cha kuungua, na fangasi bado wamo.

Hatari iliyo kimya zaidi ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi, betamethasone au clobetasol, zinazouzwa bila cheti cha daktari. Clobetasol ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye krimu nyingi za kujichubua. Ukipaka kwenye choa, wekundu unatulia, muwasho unakwisha siku ya pili, duara linapotea sura, na fangasi wanaenea chini kwa chini mpaka hata daktari anakosea kukitambua.

Je, wajua kwamba mwanafunzi mwenye mapunye hana haja ya kukaa nyumbani akishaanza dawa? Ndivyo unavyosema mwongozo wa Uingereza. Kumnyoa upara nako si tiba, na kama mashine ni ileile ya benchi la Jumamosi, ni hatari mpya. Kwenye michezo ya kugusana ngozi kwa ngozi masharti ni makali zaidi: wanamieleka wa vyuo vya Marekani hawaruhusiwi kurudi ulingoni mpaka wapake dawa saa 72 kwa choa cha mwilini, au wameze dawa wiki 2 kwa mapunye ya kichwani. Mzazi anayejiuliza mtoto wake arudi lini kwenye mpira wa vifua wazi anaweza kuazima vipimo hivyo.