Mlio wa Injini Alfajiri na Tanakali Zetu za Sauti

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha tanakali za sauti anaijua orodha: anguka pu, nyamaza jii, lowa chepechepe, jaa pomoni. Mwanafunzi huikariri, huijibia mtihani, kisha huisahau. Vitabu vya sarufi navyo huviita vielezi viigizi na kuvitengea ukurasa mmoja karibu na mwisho, kana kwamba ni mapambo tu ya lugha. Leo ningependa kumpeleka msomaji mahali ambapo tanakali ni chombo cha kazi, na asiyejua kukitumia hulipa kwa fedha zake mwenyewe: chini ya boneti ya gari kuukuu, saa kumi na mbili asubuhi, huko Limuru mwezi wa Julai.

Tuchukue mathalani Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, ambalo wazee wetu walilisafiria kama teksi za masafa marefu. Limelala nje usiku kucha. Chuma kimepoa, nayo oili imeteremka yote hadi chini ya injini. Ufunguo unapozungushwa, injini inawaka pamoja na mlio ambao jana mchana haukuwapo. Mwenye gari anashtuka, anaahidi kufika gereji. Afikapo saa nne, injini imekwisha kupata moto na mlio umetoweka. Fundi anainua boneti, anasikiliza, hasikii kitu. Kwa hivyo ushahidi wote uliobaki umo katika kinywa cha mwenye gari, na aghalabu kinywa hicho husema maneno matatu tu: gari linapiga kelele.

Kauli hiyo haimsaidii fundi. Atabahatisha, na kila anapobahatisha kipuri kipya hununuliwa. Nimewasikia watu wenye shahada wakishindwa kueleza mlio wa gari lao, huku makanga asiyemaliza shule akiuigiza mara moja kwa ulimi na meno, fundi akatikisa kichwa na kwenda moja kwa moja penye ila.

Tazama jinsi makanga anavyofanya. Akisema ti-ti-ti-ti, mwembamba na wa haraka, ametaja tapeti bila kuzitaja. Tapeti na vali huendeshwa na kamshafti, na kamshafti huzunguka mara moja kila kranki izungukapo mara mbili. Injini inayozunguka mara 800 kwa dakika, vali yake moja hugonga mara 400. Sikio lililozoea huutambua mdundo huo wa nusu mwendo. Katika magari ambayo tapeti zake hujazwa oili, mlio hukoma baada ya sekunde chache oili inapofika juu. Katika injini kama ya 504, ambayo mwanya wa vali hurekebishwa kwa mkono, mlio huenda ukaendelea hata injini ikipata moto, na dawa yake ni spana, bisibisi na kipimo chembamba cha mwanya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Akisema kwara-kwara-kwara halafu kimya, hiyo huwa cheni ya kamshafti. Kikaza cheni katika injini nyingi husukumwa na shinikizo la oili (gerejini utasikia presha, nami sina ugomvi na presha), na kabla shinikizo halijafika cheni hulegea na kupiga ukuta. Sekunde moja au mbili si hoja sana. Mlio ukizidi kurefuka wiki baada ya wiki, cheni na kikaza vimechakaa. Pengine, hata hivyo, chanzo ni chujio la oili lisilo na vali ya kuzuia oili isirudi chini, au oili nzito mno. Ile W katika maandishi 20W-50 ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, nayo nambari iliyoitangulia hueleza wepesi wa oili ikiwa baridi: kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyopanda upesi.

Kisha kuna ko-ko-ko, mkavu na butu, udumuo dakika kadhaa ukififia taratibu. Hii ni pistoni inayoyumba ndani ya silinda. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma cha kusubu, na alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma hicho. Injini ikipata moto, pistoni hunenepa, mwanya huzibika, kelele hukoma. Gari la namna hiyo linaweza kuhudumu miaka mingine, almuradi mwenyewe asilikimbize kabla halijapata moto. Ole wake atakayeshauriwa afungue injini nzima kwa sababu ya ko-ko-ko!

Lakini ngo! ngo! ngo!, mzito, utokao chini kabisa na usiokoma injini ikipata moto, huo ni wa beringi za kranki. Oili ipatapo moto huwa nyepesi, na beringi iliyolika huzidi kugonga. Taa ya oili ikiwaka pamoja na mlio huo, zima injini papo hapo na utafute gari la kukuvuta. Kati ya ko na ngo ipo tofauti ya maelfu mengi ya shilingi.

Mkanda wa feni ulialikao wiii nautaja tu. Kila mtu anaujua, nao hukazwa au hubadilishwa. Kinachowahadaa hata mafundi ni moshi unaovuja penye gasketi ya bomba la moshi: pf-pf-pf, karibu sawa na tapeti, nao pia huisha chuma kinapotanuka na kuziba ufa. Mwanaisimu hapa hufurahi, kwani pf si silabi ya Kiswahili. Tanakali zina ruhusa ya kuvunja sheria za sauti ambazo nomino na vitenzi huzitii.

Wala uchaguzi wa irabu si wa kubahatisha. Mwaka wa 1929 Edward Sapir aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, mil na mal, akawaambia yote ni majina ya meza. Wengi walisema mal ndiyo meza kubwa. Irabu i huelekea udogo na wembamba. Ndiyo maana vali hulia ti, na kranki, iliyo nzito, hulia ngo. C. M. Doke aliipa aina hii ya maneno nafasi yake katika istilahi za lugha za Kibantu mwaka wa 1935, nasi tungali tunaifundisha kama orodha ya kukariri.

Ningependa mwalimu mwenzangu ajaribu jambo moja. Asubuhi ya baridi, kabla dereva hajaliwasha basi la shule, awapeleke wanafunzi wasimame kando yake na daftari. Kila mmoja aandike mlio kwa tanakali yake, aandike ulianza lini, ulikwenda na kasi ya injini au la, na ulikoma baada ya muda gani. Hawataafikiana. Mmoja ataandika ka, mwingine ta. Basi wasomeane kwa sauti mbele ya dereva, aseme ni tanakali ipi iliyo karibu zaidi na kile anachokisikia kila siku, na kwa nini. Kama dereva ana bisibisi ndefu, ashike mpini wake sikioni na ncha yake kwenye injini, mbali na feni na mkanda, ndipo waone mahali ti inapogeuka kuwa ko.