Kichuguu Kilichosomwa Vibaya na Jengo Lililofanikiwa

Miongoni mwa mielekeo yenye nguvu katika usanifu wa siku hizi, kuanzia vifaa vidogo vya nyumbani hadi majengo ya ghorofa, umo ule wa kuiga maumbile, yaani utaratibu wa kuchunguza namna viumbe hai wanavyotatua matatizo yao na kuutumia ufumbuzi huo katika vitu vinavyoundwa na binadamu. Mwelekeo huu ulipata umaarufu baada ya mwandishi wa Marekani, Janine Benyus, kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1997, ingawa desturi yenyewe ni ya zamani zaidi: mhandisi wa Uswisi George de Mestral alipata wazo la vishikizo vya Velcro mwaka 1941 kutokana na mbegu zenye vijindoano zilizonasa katika manyoya ya mbwa wake. Hata hivyo, kwa upande wa majengo, mfano unaorudiwa zaidi duniani haukutoka Ulaya wala Marekani, bali umesimama Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, na kiumbe anayehusishwa nao ni mchwa.

Jengo hilo, Eastgate Centre, lilifunguliwa mwaka 1996, likiwa limesanifiwa na Mick Pearce kwa ushirikiano na wahandisi wa kampuni ya Arup. Ni majengo mawili marefu ya ghorofa tisa yaliyosimama sambamba, na kati yao pana uwazi mpana ulioezekwa kwa kioo. Halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Badala yake feni huvuta hewa kutoka katika uwazi huo na kuisukuma kwenye mifereji iliyojengwa ndani ya sakafu za zege, kisha hewa hiyo huingia ofisini kwa chini, ikapata joto kutokana na watu na mashine, ikapanda hadi darini na kutolewa nje kupitia dohani za matofali zilizopangwa juu ya paa. Madirisha yake yamefanywa madogo kwa makusudi, na uso wa jengo umejaa vipande vya zege vilivyochomoza ili kuta zijitilie kivuli zenyewe.

Maelezo yaliyoambatana na jengo hilo tangu mwanzo yalisema kwamba linafanya kazi kama kichuguu. Msingi wake ulikuwa nadharia ya mwanabiolojia wa Uswisi, Martin Lüscher, ambaye mwaka 1961 alieleza kuwa mchwa wa jenasi ya Macrotermes huishi katika kiota chenye joto lisilobadilika kwa sababu kichuguu chao ni mtambo wa kupoza hewa. Mchwa hao hulima kuvu ndani ya kiota na kujilisha kwayo, na kuvu hiyo pamoja na wadudu wenyewe hutoa joto jingi; kwa mujibu wa Lüscher, hewa iliyopashwa moto hupanda hadi kileleni, hushuka kupitia njia nyembamba zilizo karibu na ukuta wa nje, hupoa na kubadilishana gesi humo, kisha hurudi chini ya kiota na kuanza safari upya. Nadharia hiyo ilivutia kwa urahisi wake, na wasanifu wa majengo walikuwa na kila sababu ya kuipenda, kwa kuwa ilionekana kuwapa mchoro uliokamilika.

Tatizo ni kwamba vichuguu vilipopimwa kwa makini zaidi, mchoro huo haukuthibitika. J. Scott Turner, mwanafiziolojia aliyefanya utafiti kwa miaka mingi nchini Namibia, pamoja na mhandisi Rupert Soar, walionyesha katika makala ya mwaka 2008 kuwa joto la kiota cha Macrotermes michaelseni hufuata joto la udongo unaokizunguka, likipanda wakati wa kiangazi na kushuka wakati wa kipupwe, na kwamba utulivu unaoonekana kati ya mchana na usiku hutokana na ardhi yenyewe, ambayo hupata na kupoteza joto polepole. Kwa maneno mengine, kichuguu hakipozi kiota. Kazi yake kubwa ni kuondoa hewa ya ukaa na kuingiza oksijeni, na katika kazi hiyo kinafanana zaidi na mapafu kuliko kiyoyozi, kwa sababu upepo unaobadilikabadilika nje hutikisa hewa iliyomo ndani na kuichanganya pasipo kulazimu mkondo mmoja unaozunguka kwa utaratibu.

Wala si sahihi kudhani kwamba vichuguu vyote vina kanuni moja. Watafiti Judith Korb na Eduard Linsenmair, waliofanya kazi katika hifadhi ya Comoé nchini Côte d'Ivoire, waligundua kuwa spishi ileile, Macrotermes bellicosus, hujenga vichuguu virefu vyenye kuta nyembamba na minara mingi katika mbuga ya wazi, lakini msituni, ambako kuna baridi zaidi, hujenga vichuguu vya mviringo vyenye kuta nene zinazohifadhi joto, hata kama kufanya hivyo hupunguza kasi ya kubadilishana gesi. Huko India nako, utafiti wa mwaka 2015 juu ya mchwa Odontotermes obesus ulibaini kwamba hewa husukumwa na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku: mchana sehemu za nje hupata moto kabla ya kitovu, hivyo hewa hupanda pembeni na kushuka katikati, na usiku mwelekeo huo hugeuka. Aliyesema kuwa amejenga kama mchwa, basi, hana budi kueleza ni mchwa gani, katika mazingira gani, na kwa kusudi lipi.

Hapa ndipo suala la Eastgate linapokuwa na uzito wa kweli, kwa kuwa jengo hilo linafanya kazi vizuri ingawa nadharia iliyolizaa ilikuwa na kasoro. Mafanikio yake yanaelezwa na fizikia ambayo ingejulikana hata bila mchwa. Harare iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku huweza kuzidi nyuzi 10 za Selsiasi. Zege na matofali, kwa sababu ya uzito wake, huweza kumeza joto jingi kabla ya kupata moto. Mchana jengo humeza joto la watu, la mashine na la jua. Usiku feni huongezwa kasi na kupitisha hewa baridi katika sakafu hizo nzito, joto lililomezwa likatolewa nje, na asubuhi jengo likawa tayari kuanza upya. Ubaridi wa usiku, kwa hakika, ndio kiyoyozi.

Mantiki hiyo inaweza kuhamia Nairobi, iliyo juu zaidi ya Harare. Haiwezi kuhamia Dar es Salaam au Mombasa kwa kunakiliwa tu. Katika miezi ya joto, usiku wa pwani hubaki mara nyingi karibu na nyuzi 25, na hewa yake imejaa unyevu, kwa hiyo zege lililomeza joto mchana kutwa halipati mahali pa kulitua. Chumba chenye kuta nene na dirisha dogo, ambacho Harare ni neema, huku kinaweza kuwa adhabu kwa anayelala ndani yake. Mahitaji ya pwani ni kivuli na mwendo wa hewa juu ya ngozi, maana jasho haliwezi kukauka katika hewa yenye unyevu isiyotembea. Inasikitisha kwamba miji hiyo imeendelea kujenga minara ya vioo visivyofunguka, ambayo umeme ukikatika haikaliki, na haitoshi kuipamba minara hiyo kwa maneno ya kuiga maumbile.

Mfano wa karibu wa kufikiri vizuri zaidi uko kaskazini mwa Kenya, kwenye ufuko wa Ziwa Turkana, ambako msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alisanifu chuo cha teknolojia cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu inakumbusha vichuguu vya eneo hilo, lakini thamani yake haimo katika sura. Hewa moto hupanda na kutoka kupitia minara hiyo, hewa mpya huingia kwa matundu ya chini, na kwa njia hiyo vyumba vya kompyuta hupozwa.

Utafiti mpya nao umeacha umbo la kichuguu na kugeukia kuta zake. David Andréen wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, akishirikiana na Soar yuleyule wa utafiti wa mwaka 2008, alichapisha mwaka 2023 matokeo ya majaribio juu ya mtandao wa vijia vya milimita chache ulio karibu na uso wa vichuguu vya Namibia. Nakala za mtandao huo zilitengenezwa kwa printa ya pande tatu, kisha mitikisiko ya hewa inayofanana na ya upepo ikapitishwa ndani yake, na ikaonekana kuwa mpangilio wa vijia hivyo huigeuza mitikisiko midogo kuwa mzunguko unaotosha kubadilishana gesi na unyevu, bila mkondo mkubwa wa hewa kupita. Ukuta wa aina hiyo bado ni jambo la maabara, lakini kwa pwani ya Afrika Mashariki una umuhimu wa pekee, kwa sababu unategemea upepo, ambao pwani inao kwa wingi katika misimu ya kusi na kaskazi, na hauhitaji ule ubaridi wa usiku ambao pwani haikujaliwa.