Njia ya Kwenda Kaloleni Inapitia kwa Nani?

Kila jioni, mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa ambalo Wanairobi hulijua kwa jina moja tu, Archives, watu husimama wakingojana. Wengi wameagana kukutana hapo kwa sababu hakuna asiyepajua. Hatua chache tu kando yao, kwenye Moi Avenue, imesimama sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya, iliyozinduliwa Oktoba 2011 karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Wageni huipiga picha. Mng'arisha viatu ameweka kiti chake pembeni, muuza karanga anapima kwa kikombe kidogo na kufunga kwa karatasi, na kijana wa mayai anapasua yai lililochemshwa, anajaza kachumbari katikati na kulikabidhi likiwa bado linatoa mvuke. Sanamu haiwalipi hata senti, lakini wote wanajipatia riziki kutokana na mahali iliposimamishwa.

Kama kivutio, sanamu hiyo ni ndogo. Ni nadra mtu kupanda ndege kuja Kenya kwa ajili yake. Linganisha na Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971 huko Lang'ata, au kituo cha twiga, au jumba la makumbusho la Karen Blixen kule Karen. Hivyo ndivyo vivutio wanavyoviwazia watu wa nje wanapotaja Nairobi, pamoja na mbuga ya wanyama iliyofunguliwa 1946. Hata hivyo, mfanyabiashara wa River Road anaweza kuzeeka dukani bila kuuza chupa moja ya maji kwa mgeni anayetoka kwa twiga. Mgeni huyo hupanda gari mlangoni mwa hoteli, hushukia langoni mwa kivutio, hununua chai na zawadi humo ndani, kisha hurudishwa alikotoka. Safari yake yote haina hatua hamsini za barabarani.

Wanaosoma mienendo ya watu mijini huuliza watu hao wameshukia wapi, mlango wa kivutio uko wapi, na katikati ya pointi hizo mbili kuna nini. Idadi ya waliokata tiketi hufuata baadaye. Kipande hicho cha katikati ndicho kinacholisha mji. Wapangaji wa miji wana kipimo chao cha siku nyingi: mita 400, kama dakika tano za kutembea, ni umbali ambao mtu wa kawaida huukubali bila kujiuliza mara mbili. Ukizidi hapo, idadi ya wanaokubali kutembea hupungua haraka, isipokuwa njia yenyewe iwe na kivuli, usalama na vitu vya kutazama. Wajenzi wa maduka makubwa ya kisasa wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana huweka supamaketi upande mmoja na sinema upande mwingine, ili mteja apite mbele ya maduka madogo yote yaliyo katikati, atake asitake.

Kwa Nairobi, hesabu hiyo haiwezi kufanywa bila kuielewa Moi Avenue. Barabara hii, iliyoitwa Government Road enzi za ukoloni, ni mpaka usioandikwa. Magharibi yake ni hoteli, benki na ofisi za serikali. Mashariki yake, kuanzia Tom Mboya Street, Ronald Ngala, Luthuli, hadi River Road na Kirinyaga Road, ndiko wakazi wanakokuita dauntauni: maduka ya simu na redio, vyumba vya kulala vya bei nafuu, mabasi ya mikoani, na vile vibanda vya ndani ya majengo vinavyoitwa egzibisheni. Dauntauni hiyo ni mlango wa Eastlands. Mtu wa Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole au Dandora akisema anashuka tao, mara nyingi ni hapo matatu inapomwacha. Na wapo wengi wasiopanda chochote, kwani takriban safari 4 kati ya 10 jijini hufanywa kwa miguu. Kwa hiyo wapita njia wa dauntauni, kwa sehemu kubwa, ni watu wa Eastlands waliotoka nyumbani.

Ndiyo sababu kisa cha Muthurwa kinastahili kusimuliwa kila mara mradi mpya unapotangazwa.

Huko Muthurwa, karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, serikali ilijenga soko kubwa pamoja na kituo cha matatu za Eastlands, na mwaka 2008 wachuuzi waliokuwa wakiuza kwenye mitaa ya katikati ya jiji wakahamishiwa huko. Kwenye karatasi mpango ulikuwa wa busara. Matatu zingeleta watu, watu wangenunua, na mitaa ya katikati ingepumua. Matatu za Jogoo Road zilishusha watu kweli, lakini abiria wa asubuhi hanunui shati. Anakimbilia kazini. Anayenunua ni yule wa jioni, aliyekwisha kupokea pesa, ambaye hutazama bidhaa akiwa anatembea taratibu kutoka ofisini kuelekea steji. Mchuuzi aliyekaa ndani ya ukuta, mbali na mkondo huo, alimkosa mnunuzi huyo. Haikupita muda mrefu wengi wakarudi Tom Mboya Street na turubai zao, wakiwa tayari kukimbizana na askari wa jiji, kwa kuwa huko ndiko miguu ilikopita. Walikuwa wamefanya hesabu sahihi kuliko waliowahamisha.

Fundisho hilo linahusu vivutio moja kwa moja. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, iliwekwa pale kwa ajili ya meli na mizinga. Lakini ilivyokaa leo, anayetoka langoni anajikuta mdomoni mwa Mji wa Kale, na Ndia Kuu inaanza karibu kiasi kwamba kuingia humo ni rahisi kuliko kurudi kwenye gari. Wauza viungo, vinyago na kofia hawalazimiki kumtafuta. Kule Unguja, bustani ya Forodhani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009 ina faida nyingine, ambayo ni saa zake. Biashara ya chakula huchangamka saa za magharibi, wakati makumbusho mengi yamekwisha kufungwa, na wageni waliolala kwenye hoteli za Mji Mkongwe hutembea vichochoroni kuifuata, kisha hurudi kwa vichochoro vilevile wakiwa wameshiba na hawana haraka. Duka lililo njiani hupata nafasi mbili za kuuza kwa mtu mmoja.

London ililazimika kujenga daraja. Jumba la sanaa la Tate Modern lilipofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kiwanda cha zamani cha umeme, lilikuwa ng'ambo ya mto, upande ambao watalii hawakuuzoea. Daraja la waenda kwa miguu lililounganisha eneo hilo na kanisa la St Paul's lilifanya sehemu mbili zilizotazamana kwa mbali ziwe matembezi ya dakika chache.

Nairobi imekuwa ikienda upande wa pili. Tangu 2022, mgeni anayetua uwanja wa ndege wa JKIA anaweza kupanda barabara ya juu ya kulipia na kufika Westlands bila kugusa ardhi ya jiji. Eastlands anaiona kama mapaa ya mbali upande wa kulia wa gari. Treni ya Mombasa nayo, tangu 2017, humalizia safari Syokimau badala ya stesheni ya zamani, ambayo abiria wake walitoka moja kwa moja hadi Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Ipo treni ya kuunganisha hadi mjini, lakini wengi wenye mizigo huchukua teksi. Kila uamuzi wa namna hii una sababu zake za usafiri. Hata hivyo, kila mmoja umeondoa miguu fulani kwenye njia fulani, na mwenye kibanda cha njia hiyo hakuulizwa.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kivutio kilicho mbali si lazima kiinyime dauntauni wapita njia, ikiwa wanaokwenda huko ni wenyeji. Matatu za Nairobi zimepangwa kama miale ya gurudumu, na kitovu chake ni tao. Uwanja wa Talanta ulioanza kujengwa Ngong Road mwaka 2024, wa watu 60,000, uko magharibi kabisa. Shabiki wa Umoja atakayetaka kuufikia kwa matatu atashuka mjini, atatembea hadi steji ya pili, na kufanya vivyo hivyo akirudi. Matembezi hayo ya kubadilisha gari ni mali. Akishukia karibu na Archives, atapita mbele ya maduka ya Moi Avenue. Akishukia Muthurwa na kupandia kituo cha Green Park, kule mwisho wa Haile Selassie, atatembea kama kilomita moja na nusu kwenye barabara ambayo sehemu zake nyingi ni kuta, uzio na moshi wa magari. Ni shabiki yuleyule na tiketi ileile. Steji ndiyo itakayoamua nani atamuuzia chakula.

Na kwa nini kila kivutio kipya kiende magharibi? Eastlands ina historia ambayo jiji halijaipangia njia. Kutoka kwenye sanamu ya Mboya, mtu akishuka Haile Selassie atapita soko la Wakulima, Marikiti, ambako wasukuma mikokoteni hupiga mluzi mmoja tu kabla ya gurudumu kufika kisiginoni. Mbele yake ni Muthurwa, kisha Landhies Road na kituo cha mabasi ambacho watu walikibandika jina la Machakos Airport. Baada ya kama kilomita tatu anafika City Stadium, uwanja uliopewa jina la mwanasoka Joe Kadenge 2019, na karibu yake soko la Burma, ambako jina limebaki kama kumbukumbu ya askari waliorudi kutoka vita vya Asia. Siku za mechi kubwa, mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wameitembea njia hii kwa miaka mingi, na wachoma nyama wa Burma hawakuhitaji kalenda kujua kama kuna mchezo.

Kando ya uwanja ndipo ilipo Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, kwa sehemu kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano. Nyumba zake za mawe na vigae vyekundu zimezunguka nyasi na miti, na katikati kuna ukumbi ambao wenyeji waliuita Bunge, kwa sababu siasa za Waafrika zilinguruma humo kabla ya uhuru. Mboya alizungumza hapo. Maktaba ndogo ya mtaa imekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lilelile lililoihudumia Maktaba ya McMillan ya 1931 mjini. Upande wa pili wa Jogoo Road kuna Kariokor, wanakosuka viondo na kukata akala, na Pumwani yenye mji wa Waswahili wa tangu miaka ya 1920.

Sanamu iko Moi Avenue na ukumbi uko Kaloleni. Mtu mmoja, kivutio pande mbili, na katikati yao biashara za wadogo. Ni mpango uleule wa supamaketi na sinema, ambao bado haujapewa njia ya kutembea.

Njia hiyo haidai mabilioni. Luthuli Avenue ilibadilishwa 2019 kwa kupanua sehemu ya waenda kwa miguu, kupanda miti na kufanya magari yapite upande mmoja, na mtu aliyeijua zamani, ilipozibwa na matatu zilizoegeshwa, anaona tofauti kwa macho. Landhies Road inahitaji vivuko salama, taa na kibao kinachosema Kaloleni iko wapi. Kabla ya chochote kuanza, watu wahesabiwe: vijana wanne wenye mashine za kubonyeza, mmoja Marikiti, mmoja Machakos Airport, wawili kwenye mzunguko wa City Stadium, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Bila hesabu ya kabla, hesabu ya baadaye haitathibitisha kitu.

Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kodi. Njia ikichangamka, wenye majengo hudai gudiwili kubwa, na mama wa chapati aliyeivumilia njia ikiwa na vumbi ndiye wa kwanza kuondoka. Kaunti inamiliki sehemu kubwa ya masoko hayo, kwa hiyo ina uwezo wa kufunga kiwango cha kodi kwa maandishi kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Ya pili ni tingatinga. Mitaa ya zamani ya Eastlands imo kwenye mpango wa kujengwa upya, na Pangani umekwisha kugeuka maghorofa. Watu wanahitaji nyumba, hilo halina ubishi. Lakini ukumbi wa Kaloleni, maktaba yake na ule uwanja wa nyasi uliouzunguka vinaweza kubaki palepale huku nyumba zikiongezwa pembeni, na mlango wa ukumbi ukaelekezwa upande watu wanakotokea, yaani Jogoo Road, pale matatu za kutoka tao zinaposhusha na mwuza miwa amekwisha kuweka mkokoteni wake.