Pea Kubwa Mkononi, Meza Imegeuka: Kwa Nini Wacheza Poka Huliwa na Karata Nzuri

Nisafishe njia kwanza. Kamari siitetei, hukumu yake wanaoijua wameshaieleza, na sina la kuongeza. Lakini poka imeingia barazani kwetu. Kuna wanaoicheza kwa kete za bao kupitisha jioni, na kuna wanaoicheza kwenye simu kwa pesa za nauli na karo. Nami kwa kuwa nasomesha hesabu, nimekuwa kadhi wa malalamiko yale yale kila mara: “Mwalimu, nilikuwa na pea ya ree mkononi. Vipi nikaliwa?”

Jibu langu huwaudhi. Karata mbovu haimfilisi mtu, kwa sababu aliyeipata huitupa mapema akapoteza kidogo. Inayomfilisi ni karata nzuri, ile anayoona haya kuitupa.

Kwa asiyeujua mchezo, nitaeleza haraka. Majina ya karata mwayajua: kopa, uru, shupaza na pau, tuliyoachiwa na Mreno pamoja na Ngome. Ree ndiyo ya juu, kisha mfalme, malkia, ghulamu, halafu kumi kushuka. Poka inayochezwa sana siku hizi ni ya Texas, na bunge la jimbo hilo mwaka 2007 liliutambua rasmi mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko ilikozaliwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha mezani hufunguliwa tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua watu huweka dau, huongeza au hutupa. Mwisho kila mmoja huchagua tano bora katika saba: mbili zake na tano za mezani. Pea hupigwa na pea mbili, pea mbili hupigwa na tatu zinazofanana, tatu hupigwa na mfululizo wa tano, mfululizo hupigwa na tano za aina moja, kama kopa tupu. Yapo makubwa zaidi ya hayo, lakini tazameni pea ilivyo chini ya ngazi.

Kabla meza haijafunguliwa, pea ya ree haina mkubwa wake. Huja mara 1 katika migao 221. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, hushinda takriban mara 85 katika 100. Wakiwa wapinzani watatu na wote wakangoja mpaka mwisho, hushuka hadi 64. Wakiwa watano, haifiki nusu. Wakiwa tisa, ni 31 tu. Ree ni zile zile mbili, ila kila kichwa kinachobaki kina njia yake ya kukupiga. Ndiyo maana mwenye pea kubwa huongeza dau mapema. Wengine huona ni maringo, kumbe anapunguza watu.

Sasa tufungue meza. Una ree ya shupaza na ree ya uru. Zinakuja 9 ya kopa, 8 ya kopa na 3 ya pau. Bado unaongoza, lakini meza hii ina mafuta ya taa: mwenye kopa mbili angoja ya tano, na mwenye ghulamu na kumi angoja mfululizo. Ya nne ni 2 ya uru, haimsaidii mtu. Katikati pana kete 400. Hapa vijana wengi huweka 100 “ili wasikimbie.” Haya tupige hesabu. Mwenye kopa mbili haoni karata 46, na 9 kati yake ni kopa, yaani apata takriban mara moja kwa kila tano. Wewe wamtaka alipe 100 ili agombee 500. Akipata mara moja tu kwa sita, hana hasara. Umemuuzia samaki kwa bei ya chini kuliko ya mvuvi! Ungeweka 300, angelipa 300 kugombea 700, na angehitaji kupata mara tatu kwa kumi. Hapo akifuata, kila siku anayofuata yeye ndiye mwenye hasara, hata kama leo kopa itamjia. Hilo la mwisho ndilo gumu kulimeza, maana mtu hukumbuka lile kopa lililokuja na kusahau mara nne halikuja.

Haya, turudi nyuma tuibadilishe ya nne. Badala ya 2 ya uru, ije 10 ya kopa. Mezani sasa pana 8, 9 na 10, na kopa tatu. Mwenye kopa mbili yoyote keshakupita. Mwenye ghulamu na malkia keshakupita. Mwenye 7 na 6 pia. Ree zako hazikubadilika hata nukta, lakini sasa ni pea moja katika soko la walionunua zaidi. Huu ndio wakati wa kupunguza mwendo: usiongeze, acha dau lipite bila kuwekwa kama zamu yako inaruhusu, na mtu akiweka kiasi cha wastani, lipia mara moja uone. Akiongeza kwa nguvu, na nyuma yake yupo wa tatu anayefuata, tupa. Naam, ree. Tupa.

Kuna jambo dogo ambalo wachache hulitazama. Kama ree yako moja ingekuwa ya kopa, mambo yangekuwa mengine kabisa. Kopa nyingine ikija ya tano, aina moja ya juu ni yako. Tena unajua kwa yakini kwamba hakuna mwingine aliyeishika ree hiyo. Pea ile ile, meza ile ile, uamuzi tofauti.

Wengi hujiuliza, “Pea yangu ni kubwa kiasi gani?” Mimi huwaambia waulize jengine: ni karata gani mbovu kuliko yangu ambazo huyu angelipia namna hii? Ukiweza kuzitaja tatu nne, kaa. Ukikosa hata moja, inuka. Na jibu humtegemea aliyekaa mbele yako. Kuna bwana aongeza kila mgao mpaka meza yamzoea. Huyo pea ya ree yatosha kumlipia. Kuna mwengine hukaa saa nzima kama yuko msikitini, kisha ghafla asukuma kete zote. Huyo msimuulize.

Mfano bora wa haya ninaoujua ni mashindano ya dunia ya poka ya mwaka 2003, Las Vegas. Waliingia watu 839, kila kiti kikiwa na thamani ya dola 10,000, wakabaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyekipata kiti chake kupitia mchezo wa bei ndogo wa intanetini, na Sammy Farha, mcheza kamari mzoefu aliyezaliwa Beirut.

Katika mgao mmoja mezani palikuwa na 9, 6 na 8 za shupaza, 2 ya uru na 3 ya kopa. Farha alikuwa na malkia na 9, yaani pea ya juu kabisa ya meza ile. Lakini shupaza tatu zinatisha, na 6-8-9 inatisha. Moneymaker akasukuma kete zote. Farha akafikiri sana, akatupa. Moneymaker hakuwa na kitu: mfalme wa shupaza na 7, alingoja shupaza, alingoja mfululizo, vyote vikamkosa. Meza ndiyo iliyomtishia mtu kwa niaba yake.

Baadaye ikaja meza iliyotulia: ghulamu, 5 na 4. Farha alikuwa na ghulamu na kumi, pea ya juu tena. Safari hii hakukubali kuondoka, na nani angemlaumu? Meza haikuonyesha moto mkubwa, na mtu yule yule alikuwa amesukuma kete mara ngapi. Zote zikaingia katikati. Moneymaker akafunua 5 na 4, pea mbili. Ya nne ikawa 8 ya uru, ya tano 5 ya kopa, na mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5. Farha alipata milioni 1.3.