Miswada na Michango: Je, Mbunge Anayechangisha Sana Ndiye Anayefanya Kazi Sana?

Katika somo la mantiki kuna kosa ambalo mwalimu wetu hachoki kulirudia: kudhani kwamba mambo mawili yakionekana pamoja, basi moja ndilo chanzo cha jingine. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini jogoo akichinjwa Jumamosi jioni, Jumapili hukucha vile vile. Mfano wa jogoo unachekesha na kila mtu anauelewa, na labda ndiyo maana haufundishi sana. Sisi tulitaka mfano ambao hata mtu makini anaweza kukosea, na ambao kukosea kwake kuna gharama. Tumeupata mbali kidogo na nyumbani, katika mabunge ya majimbo ya Marekani.

Swali lenyewe ni hili, mpendwa msomaji. Kule mgombea hutakiwa kutangaza michango inayoingia katika mfuko wake wa kampeni, na kila muswada unaofikishwa bungeni huwekewa kumbukumbu hatua kwa hatua. Basi mtu anaweza kuandika majina ya wabunge, upande mmoja akaweka fedha ambazo kila mmoja amechangisha, upande wa pili akaweka sheria alizopitisha, kisha akatazama. Wapo watakaosema: huyu amechangisha mamilioni na hana sheria hata moja, ni mbunge wa matajiri tu. Wapo watakaosema kinyume chake: huyu anachangiwa kwa sababu ni mchapakazi, watu wameiona kazi yake. Tutajaribu kuonyesha kwamba kauli zote mbili zinakwenda haraka mno.

Kwanza tuliweke sawa neno "jimbo". Mkatoliki akilisikia humfikiria askofu wake. Mpiga kura wa Tanzania humfikiria mbunge aliyemchagua. Hapa halina maana yoyote kati ya hizo. Jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Yako 50, na yote isipokuwa Nebraska yana bunge la mabaraza mawili, kwa hiyo kuna mabaraza 99 na wabunge zaidi ya 7,000. Msomaji wa Kenya anaweza kufikiria mabunge ya kaunti, na hilo linasaidia kidogo, ila mamlaka ya majimbo ya Marekani ni makubwa zaidi: sehemu kubwa ya sheria za jinai, shule, ndoa na hata taratibu za uchaguzi huamuliwa huko, si Washington.

Wabunge hao hawafanani. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa katika katiba yao tangu 1889. Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140, na mbunge hulipwa dola 7,200 kwa mwaka. Huko California ubunge ni kazi ya mwaka mzima yenye mshahara unaozidi dola 100,000, na seneta mmoja wa jimbo huwakilisha karibu watu milioni moja. Mwakilishi wa New Hampshire ana watu elfu tatu na kitu. Anaweza kuwazungukia nyumba kwa nyumba na viatu vyake vikadumu. Seneta wa California lazima anunue matangazo, na matangazo ni fedha. Kuwaweka hawa wawili katika orodha moja ya waliochangisha ni sawa na kulinganisha mzigo wa punda na mzigo wa lori, halafu kumlaumu punda.

Tuseme basi tunabaki ndani ya jimbo moja. Kazi ya mbunge tuipime vipi? Njia rahisi ni kuhesabu sheria zilizopita kwa jina lake. Lakini mabunge hupitisha pia miswada ya kubadili jina la daraja au kutangaza siku ya kumkumbuka mtu fulani, na hiyo haiwezi kuwa na uzito sawa na sheria ya bajeti ya shule. Wanazuoni wawili wa siasa, Craig Volden na Alan Wiseman, walitengeneza kipimo bora zaidi, kwanza kwa Bunge la Washington na baadaye, wakishirikiana na wenzao, kwa mabunge ya majimbo. Wao huufuata kila muswada katika hatua tano: kuwasilishwa, kushughulikiwa na kamati, kushughulikiwa baada ya kamati, kupitishwa na baraza lake, na kuwa sheria. Kisha huupa uzito kulingana na aina yake, wa heshima tu, wa kawaida au wa maana kubwa. North Carolina walikuwa na njia nyingine tangu miaka ya 1970: kituo kimoja cha utafiti kiliwauliza wabunge wenyewe, washawishi wanaolipwa na makampuni, na waandishi wa habari za bunge, nani kati ya hawa wabunge huleta matokeo.

Vipimo hivi ni vizuri na tunavisifu. Lakini havimwoni mbunge aliyeusimamisha muswada mbaya. Hakuna alama kwa sheria ambayo haikuzaliwa. Havimwoni yule aliyekaa katika kamati hadi usiku akabadili maneno manne katika kifungu cha tisa, na kwa maneno hayo manne wajane hawakupoteza nyumba, huku muswada ukiwa na jina la mtu mwingine. Aristotle anatuelekeza tuulize kitu kipo kwa ajili ya nini kabla hatujasema ni kizuri au kibaya. Kisu husifiwa kwa kukata. Mbunge hatuwezi kumsifu kwa wingi wa karatasi peke yake.

Upande wa fedha nao una mitego. Kwa miaka mingi taasisi iliyokusanya takwimu za michango ya majimbo yote ilikuwa Helena, Montana. Mwaka 2021 iliungana na shirika la OpenSecrets. Kazi yao ni kubwa na inaaminika. Hata hivyo mbunge huweza kuwa na kiasi kikubwa kwa sababu mbili zisizofanana kabisa. Mmoja ana mpinzani mkali, anapigania uhai wake, na kila jioni yuko kwenye simu akiomba. Mwingine hana mpinzani hata wa kuazima. Fedha zinamfuata mwenyewe, kwa kuwa ni mwenyekiti wa kamati inayosimamia bima au umeme, na makampuni ya bima na ya umeme hayapendi kusahauliwa.

Hapo ndipo kosa la jogoo linapojificha. Ukiwatazama viongozi wa bunge, yaani spika, viongozi wa vyama na wenyeviti wa kamati, utatarajia fedha nyingi na sheria nyingi pia. Je, fedha zimeleta sheria? Au sheria zimeleta fedha? Mara nyingi vyote viwili vimetoka katika kitu cha tatu, nacho ni kiti. Spika huamua muswada gani uende kamati gani na usomwe lini. Kwa sababu hiyo miswada anayoitaka hupita, na kwa sababu hiyo hiyo wachangiaji hubisha mlangoni kwake.

Ila jambo haliishii hapo, maana kiti nacho hutafutwa, na fedha ni mojawapo ya njia za kukitafuta. Mfano unaofahamika sana ni Jesse Unruh, Spika wa California kuanzia 1961 hadi 1969. Ndiye anayekumbukwa kwa kuzifananisha fedha na maziwa ya mama katika siasa. Alikusanya michango kutoka kwa wenye maslahi, akaigawa kwa wagombea wa chama chake, nao wakichaguliwa walijua nani aliwalisha. Mtu huyu huyu ndiye ambaye sheria ya haki za kiraia ya California ya 1959, inayokataza wafanyabiashara kubagua wateja, inaitwa kwa jina lake. Ndiye pia aliyesukuma mageuzi ya 1966 yaliyolifanya bunge lile kuwa la kazi ya mwaka mzima. Alichangisha sana na alitenda sana. Mtu akiishia kwa Unruh, atasema mashine hiyo ni njema.

Basi asiishie hapo, aende Ohio. Larry Householder alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la Ohio mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaondoka, akarudi bungeni 2017, na Januari 2019 akachaguliwa spika tena. Katikati ya 2019 baraza lake lilipitisha Muswada wa Baraza Na. 6, ambao uliwatoza wateja wa umeme fedha za kuviokoa vituo viwili vya nyuklia, Perry na Davis-Besse, vilivyokuwa vya kampuni tanzu ya FirstEnergy. Thamani ya mpango huo ilitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1. Kura zilikuwa 51 kwa 38, na gavana alitia saini siku ile ile, tarehe 23 Julai 2019. Kwa macho ya anayehesabu utendaji, hilo ni bunge linalofanya kazi.

Mwaka mmoja baadaye Householder alikamatwa. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walionyesha kwamba takriban dola milioni 60 kutoka FirstEnergy na washirika wake zilipitia katika shirika lililoitwa Generation Now. Zilisaidia kuwachagua wagombea watakaompigia kura ya uspika, kuupitisha muswada, kuuvuruga mpango wa wananchi wa kuupigia kura ya maoni, na nyingine ziliingia katika mambo yake binafsi. FirstEnergy ilikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 230. Bunge lilimfukuza Juni mwaka huo. Machi 2023 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta na hatia, na Juni akahukumiwa miaka 20.

Sasa turudi kwenye zile orodha zetu mbili, tumtafute humo. Upande wa fedha: sehemu kubwa ya mamilioni yale haikuwa katika mfuko wake wa kampeni, bali katika shirika ambalo kisheria halikulazimika kutaja wachangiaji wake. Upande wa sheria: wadhamini wakuu wa Muswada Na. 6 walikuwa wabunge wengine wawili, si yeye. Mtafiti mwaminifu, mwenye takwimu zote za wazi, angemwona mahali ambapo jambo lenyewe halipo. Sisi jambo hili lilitusumbua kuliko yote tuliyosoma. Tulizoea kufikiri kwamba takwimu hukosea kwa sababu ni chache, kumbe zinaweza kuwa nyingi na safi na zikakosea kwa sababu mtu amepanga zisimguse.

Majimbo mengi yamejaribu kutenganisha saa ya kuomba na saa ya kutunga sheria. Texas huwakataza wabunge kupokea michango kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi siku 20 baada yake. Sababu inaeleweka: hundi iliyopokelewa Jumatatu na kura iliyopigwa Jumanne zina harufu moja. Lakini hundi hiyo inaweza kutangulia siku ya 31, au kusubiri siku ya 21. Georgia nayo ilikuwa na katazo kama hilo, kisha mwaka 2021 ikaunda kamati maalumu za viongozi zinazoruhusiwa kuchangisha hata bunge likiwa linakaa, tena bila kikomo. Fedha ni kama mvua juu ya paa bovu. Ukiziba hapa inadondokea kitandani.

Mtu atauliza kwa nini wasiweke tu kikomo cha matumizi. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu kuwekea mipaka kiasi ambacho mtu anamchangia mgombea, lakini ikakataa kuweka mipaka kwa matumizi ya mgombea, kwa kuwa kutumia fedha kusema na wapiga kura ni sehemu ya uhuru wa kusema. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kumpa mgombea fedha za umma kwa hiari yake. Maine walilipigia kura jambo hilo mwaka 1996 na kulitumia kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 2000. Anayetaka uwakilishi hukusanya dola 5 kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake kuonyesha kwamba hakujituma mwenyewe. Kisha jimbo humgharamia kampeni, naye huacha kuomba kwingineko. Arizona na Connecticut zilifuata kwa namna yao. Connecticut ilifanya hivyo mwaka 2005, baada ya gavana wao kujiuzulu kwa rushwa.

Matokeo yake nini? Michael Miller, aliyewachunguza wagombea wa majimbo hayo matatu, alikuta kwamba waliopokea fedha za umma walitumia sehemu kubwa zaidi ya muda wa kampeni wakizungumza na wapiga kura ana kwa ana. Hilo halimaanishi kwamba walitunga sheria nyingi zaidi, na tusimlazimishe aseme hivyo. Muda ulihama kutoka kwenye simu ya mtu mwenye hundi kwenda kwenye kizingiti cha mtu mwenye dola 5.

Na ule Muswada Na. 6? Machi 2021 bunge la Ohio lilipitisha sheria nyingine kufuta ruzuku ya vituo vile vya nyuklia. Anayehesabu sheria ataandika kwamba Ohio, kwa jambo hilo moja, ilipata mbili.