Muuguzi na Utafiti (2): Nywila Iko kwa Nani?

Wiki iliyopita tulisema swali la utafiti huzaliwa wodini. Tuchukue basi la muuguzi wa wodi ya watoto njiti: mtoto mwenye uzito mdogo aanze kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, au asubiri hali yake itulie? Kabla ya kuandaa dodoso, hana budi kujua waliomtangulia wamefika wapi.

Aanzie PubMed, faharasa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo umma unaitumia bure tangu 1997. Atafute kwa Kiingereza, maana ndicho kilichotumika kuipanga. Hatakawia kuukuta utafiti uliochapwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kati ya watoto waliowekwa kifuani mapema, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubiri, asilimia 15.7. Basi hilo limekwisha kujibiwa, tena kwa ushahidi ambao peke yake asingeweza kuukusanya. Linalobaki ni lake mwenyewe: katika wodi yake, mama aliyejifungua kwa upasuaji anazuiwa na nini kumbeba mwanawe? Hakuna profesa wa Boston atakayemjibia hilo.

Tatizo huanza anapotaka kusoma makala nzima. Nyingine humwonyesha muhtasari tu, kisha humdai dola. Shirika la Afya Duniani lililiona hilo, na mwaka 2002 likaanzisha Hinari pamoja na wachapishaji wakubwa wa majarida. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi kitu. Lakini Hinari haimsajili mtu binafsi. Hospitali au chuo ndicho kinachojisajili, kikapewa nywila ya kutumiwa na watumishi wake. Kwa hiyo muuguzi asihangaike kujaza fomu usiku baada ya zamu. Amuulize mkutubi, au muuguzi mkuu, kama hospitali imesajiliwa na nywila anayo nani. Kwa maoni yangu, bando ni kikwazo kidogo kuliko nywila iliyofungiwa kwenye droo ya mtu aliyehamishwa.

Majarida ya kwetu Afrika yako AJOL, hazina iliyoanzishwa 1998 na yenye makao Afrika Kusini. Asiipuuze: mazingira yanayoelezwa humo mara nyingi anayafahamu.

Kuhusu mbinu, mtandao wa Global Health Network wa Chuo Kikuu cha Oxford hutoa kozi fupi bila malipo, pamoja na cheti. Aanze na ile ya kanuni za utafiti unaohusisha wagonjwa, kwani kumhoji mama wodini bila kibali cha kamati ya maadili ni kosa, hata kama nia ni njema.

Akishaandika, ataanza kupokea barua pepe zinazomwita “Profesa Mashuhuri” na kumwahidi kuchapishiwa makala yake ndani ya juma moja, ada ikitangulia. Kabla ya kutuma senti, alitafute jarida hilo katika DOAJ, orodha ya majarida huria inayokaguliwa tangu 2003. Asipoliona, amwonyeshe mkutubi barua hiyo kwanza.