Koa wa Bahari na Silaha ya Kuazima

Katika miamba ya matumbawe ya Pemba, kila kiumbe kina kinga yake: pweza ana wino, chaza ana gamba, taa ana mwiba. Miongoni mwao hutambaa mnyama laini, mwenye urefu wa sentimeta chache, asiye na gamba wala mwiba. Huyu ni koa wa bahari, nduguye konokono.

Aina moja ijulikanayo katika magharibi ya Bahari ya Hindi ni Chromodoris africana. Ilielezwa kitaalamu mwaka 1904 na Sir Charles Eliot, ambaye hadi mwaka huo alikuwa Kamishna wa Uingereza katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Mwili wake ni mweusi wenye mistari meupe na pindo la rangi ya chungwa. Matamvua yake yamechanua mgongoni kama ua. Je, mnyama dhaifu namna hii huthubutuje kujipamba mbele ya samaki?

Jibu limo katika chakula chake. Koa huyu na jamaa zake hula sifongo, au sponji. Sifongo ni mnyama asiyeweza kukimbia, hivyo wengi wao hujikinga kwa sumu. Katika Bahari ya Shamu yuko sifongo mwekundu, Negombata magnifica, ambaye akikamuliwa hutoa majimaji yanayowafukuza samaki. Sumu yake, latrunkulini, huvuruga nyuzi za protini ziipazo seli umbo na mwendo. Hata hivyo, Chromodoris quadricolor, jamaa wa karibu wa koa wetu, humla bila kudhurika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya aina tano za Chromodoris ulionyesha kuwa sumu hiyo huwekwa akiba kwenye ukingo wa mwili, mahali adui anapoweza kuuma kwanza. Rangi, basi, ni onyo.

Binadamu naye amefaidika: tangu miaka ya 1980 latrunkulini hutumika maabarani kuchunguza mwendo wa seli.

Lakini silaha ya kuazima hutegemea mwenye kuazimisha. Sifongo akitoweka, koa hukosa chakula na kinga pamoja. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Pemba, na mwaka 2005 Mkondo wa Pemba ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mvuvi avunjaye jiwe ili amtoe pweza mmoja hupata kitoweo cha siku moja. Pamoja na jiwe hilo huenda sifongo aliyeota juu yake, na koa aliyemtegemea.